Nani Kabadili Majani ya Zambarau?

Kazi ya dobi huanza kwa kukagua, na dobi huyu alikagua kuliko wote. Kabla hajaloweka nguo aliigeuza ndani nje, akapekua mifuko, akatazama pindo, akanusa kwapa. Mteja akisema doa ni la chai, yeye alijibu, "Chai gani hii yenye mafuta?" Ndiyo maana mtaani walimwita Dobi Jicho. Mbele yake walimwita Dobi tu.

Alifanyia kazi uani kwake. Upande mmoja palikuwa na bomba, mabeseni na pipa la kusuuzia. Katikati zilipita kamba za kuanikia. Shuka za nyumba za wageni zilining'inia hapo tangu asubuhi hadi jioni. Zilizokauka zikitolewa, mbichi zilichukua nafasi yake. Meza ya pasi ilikuwa barazani. Akisimama hapo, Dobi aliona ua wote.

Kila nguo ilikuwa na alama ya mwenyewe. Dobi alikata kipande chembamba cha kitambaa, akakichora kwa wino usiofutika, kisha akakifunga kwenye nguo kwa uzi. Fundo lake alifundishwa na baba yake, naye hakumfundisha mtu. Ncha za uzi zilipotelea ndani. Ukitaka kulifungua, ulikate.

"Hata mke wangu halijui," alijisifu.

"Wala silitaki," mkewe alijibu.

Nyuma ya ukuta wa ua aliishi shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa msusi. Aliishi na mama yao, ambaye mguu mmoja ulimsumbua. Ukuta huo ulikuwa na mlango mdogo wa mbao. Kila alasiri mama mkwe alipita hapo na fimbo yake, akaketi kibarazani, akamsaidia binti yake mkubwa kukunja foronya. Walikunja na kupiga soga mpaka jua lishuke. Njia nyingine ya kufika ilikuwa ya barabarani, nayo ilikuwa na mteremko na ngazi. Mguu ule usingeiweza.

Siku moja shemeji alipita kwenye mlango mdogo na ndoo mkononi. Ndani ya ndoo mlikuwa na mashina yenye majani marefu ya zambarau. Yalikuwa zambarau tupu, juu na chini, kama yamechovywa kwenye rangi.

"Dada, nimekuletea," alisema. "Kwangu yamezidi, nimeyapunguza. Yapande pale ukutani. Yanatambaa na kufunika udongo. Mvua ikinyesha, matope hayataruka kwenye shuka za watu. Na hayafi upesi. Ukiyapanda mara moja, unakaa nayo miaka."

Mke wa dobi alifurahi. Dobi aliweka pasi chini, akaja kuangalia. Akachukua shina moja, akaligeuza, akalinusa.

"Unatoa bure?" aliuliza.

"Ulitaka nikuuzie, shemeji?"

"Nimeuliza tu. Mtu hatoi kitu kizuri bure bila sababu."

"Sababu ni kwamba dada yangu anapenda maua na mumewe anapenda maswali," shemeji alisema, akaondoka zake akicheka.

Dobi hakucheka.

Mkewe aliyapanda chini ya ukuta, karibu na mlango mdogo. Mahali pale palipata jua tangu asubuhi. Hakufanya la ajabu. Alichimbua udongo, akachomeka mashina, akamwagilia kidogo. Hazikupita wiki nyingi, majani yakawa yameshika. Yakang'aa zambarau. Vikatoka hata viua vidogo vya waridi vyenye petali tatu. Wateja waliokuja kuchukua nguo walisimama kuyatazama.

"Mama, umeyapata wapi haya?"

"Kwa mdogo wangu."

"Yanapendeza jamani!"

Dobi alisikia kila neno kutoka kwenye meza ya pasi. Aliona jinsi mteja mmoja alivyoinama na kuyashika. Aliona jinsi shemeji yake alivyoyatazama kila alipopita mlangoni. Alianza kuhesabu mashina kila jioni, kama anavyohesabu soksi.

"Mama watoto," alisema, "haya majani yako karibu mno na mlango. Anayepita anakata tawi, anatia kikapuni. Nitayahamisha."

"Nani atakata, baba watoto? Anayepita hapo ni mama na mdogo wangu."

"Nimemtaja mtu mimi?"

Asubuhi iliyofuata aliyang'oa yote. Aliyapanda upya katikati ya ua, chini ya kamba za kuanikia, mahali ambapo aliyaona vizuri kutoka mezani. Alifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu. Mashina yale huvunjika upesi, na utomvu ulimtiririkia mpaka kwenye viwiko. Kisha akachukua uzi na vitambaa vyake. Kila shina akalifunga alama ya nyumba yake, kwa fundo lile lile.

"Sasa aibe mtu tuone," alisema.

Siku hiyo hiyo mikono ilianza kumuwasha. Ilitoka vipele vyekundu. Alijikuna huku akitazama ukuta wa shemeji.

"Ametia kitu kwenye haya majani," alimwambia mkewe. "Ndiyo maana alitoa bure."

"Mbona mimi niliyapanda na sikuwashwa?"

"Wewe ni dada yake."

Mkewe akaenda kuanua shuka.

Baada ya hapo mambo yakaharibika polepole. Majani yale yalianza kufifia. Kwanza rangi ilichuja, kama nguo iliyofuliwa vibaya. Kisha mengine yakawa na kijani katikati. Mwishowe mashina mengi yakawa ya kijani kabisa, marefu na membamba, yamelala chini. Mengine yalikuwa meusi na laini kwenye shina. Dobi alikuwa akimwaga hapo maji yote ya kusuuzia, yenye sabuni na dawa ya kung'arisha nguo, kwa sababu aliona si vizuri kupoteza maji.

Alichutama akayakagua. Alama zake zilikuwa pale pale. Lakini majani hayakuwa yale.

"Hii siyo mali yetu," alisema. "Mtu amekuja, amechukua ya zambarau, ameweka ya kijani. Ameacha alama zangu ili nisishtuke. Huyu anatujua vizuri."

Alisogeza pipa tupu hadi ukutani, akapanda juu yake, akachungulia upande wa pili. Kwa shemeji, chini ya jua kali, majani ya zambarau yalikuwa yamejaa kama zulia.

Shemeji alikuwa kwenye kibanda chake, anamsuka mteja. Aliinua macho.

"Eh! Ukuta umeota kichwa," alisema. Mteja wake akacheka.

"Majani yangu yako wapi?" Dobi aliuliza.

"Majani gani?"

"Ya zambarau. Kwangu yamebaki ya kijani. Kwako naona yameongezeka."

"Shemeji, hebu shuka kwenye hicho ulichopandia usije ukavunjika shingo. Mimi nimekupa majani, kisha nije nikuibie? Si ningekunyima tangu mwanzo?"

"Ulitoa ili tukusifu. Tumeshakusifu, sasa unayarudisha kimya kimya. Na mikono yangu hii, uliipaka nini?"

Msusi aliacha kusuka.

"Unaniita mwizi na mchawi mbele ya mteja wangu?"

"Sijasema mchawi. Umejitaja mwenyewe."

"Haya, shuka ukanyooshe shuka zako," shemeji alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nawe tumemalizana."

Dobi alishuka. Jioni ile alimwita fundi mwashi. Fundi akapima mlango mdogo kwa futi, juu na upande.

"Nauziba wote?" aliuliza.

"Wote. Hata mjusi asipite."

Mkewe alisimama kati yao. "Na mama atapita wapi?"

"Barabarani, kama watu wengine."

"Kwa mguu ule?"

Dobi alijikuna mkono. "Mimi sijamkataza mama kuja. Nimekataza mlango."

"Ukiziba huo mlango," mkewe alisema, "umemkataza mama. Usijidanganye. Nikitaka kumwona mama yangu nitafunga kazi, nitazunguka kule chini, nirudi usiku. Na mdogo wangu hatanifungulia, maana mimi ni mke wa mtu aliyemwita mwizi."

Mama mkwe alikuwa kibarazani na foronya mapajani. Alisikia yote. Akajiinua kwa fimbo yake.

"Mkwe wangu," alisema, "nami nimo kwenye wizi huo? Nimeyaficha wapi majani, ndani ya fimbo?"

"Sijasema wewe, mama."

"Hujasema. Lakini nitakayefungiwa ni mimi."

Akatembea taratibu mpaka kwenye mlango mdogo, akapita, akaufunga mwenyewe. Kesho yake hakuja. Mke wa dobi alikunja foronya peke yake.

Siku ya kuziba ilifika. Fundi alileta matofali, akachanganya mchanga na saruji karibu na ukuta. Dobi alikuwa akipiga pasi, lakini jicho lilikuwa kwa fundi. Ndipo mteja mmoja akaingia kuchukua ovaroli zake. Watu walimwita Bibi Bustani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza maua ya mji, yale ya kwenye mizunguko ya barabara na mbele ya ofisi.

"Hodi! Ovaroli zangu tayari? Na matofali haya ya nini? Unajenga ghorofa?"

"Naziba mlango. Kuna wizi."

"Wizi wa nini?"

"Wa majani," mke wa dobi alidakia kutoka kwenye mabeseni. "Muulize akueleze. Mimi nimechoka."

Dobi akaeleza. Alieleza kwa kirefu, tangu ndoo mpaka vipele. Bibi Bustani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua shuka iliyoning'inia, akainama chini ya kamba.

"Haya ndiyo yaliyobadilishwa?"

"Hayo."

"Hivi vitambaa nani amefunga?"

"Mimi. Ni alama yangu."

"Na hili fundo, nani mwingine analijua?"

"Hakuna. Nilifundishwa na marehemu baba."

"Mkeo?"

"Halijui."

"Shemeji yako?"

"Atalijulia wapi?"

"Hebu angalia. Limekatwa likafungwa upya?"

Dobi alikuwa na jicho la kazi hiyo. Akapiga magoti, akakagua fundo la kwanza, la pili, na mengine yote. Uzi ulikuwa umeingia udongo. Ulikuwa umevimba kwa maji. Hapakuwa na ncha mpya.

"Halijaguswa," alisema.

"Basi huyo mwizi alitoaje shina bila kukata uzi?"

Dobi aliwaza. "Aliuchomolea juu. Kama pete kidoleni."

"Chomoa wewe nione."

Dobi alivuta. Uzi ulipanda kidogo ukakwama kwenye tawi. Akavuta wa pili, ukakwama vile vile. Akasimama, akapangusa magoti, akamtazama Bibi Bustani kwa jicho la pembeni.

"Wewe nywele zako unasukwa wapi?"

"Kwa shemeji yako."

"Ahaa! Basi mko pamoja."

Bibi Bustani alicheka mpaka akashika kamba. "Sawa. Mimi usiniamini. Kidole chako unakiamini?"

"Kidole changu nakiamini."

"Kilete hapa."

Shina moja lilikuwa limetambaa mbali. Lilitoka chini ya shuka, likapita kando ya beseni, likafika mahali penye jua. Huko mwisho majani yake machanga yalikuwa ya zambarau.

"Weka kidole kwenye hiyo zambarau," alisema Bibi Bustani. "Sasa fuata shina. Usiinue kidole. Twende."

Dobi alifuata. Kidole kilitoka kwenye jua, kikaingia chini ya shuka. Majani yakawa nusu zambarau, nusu kijani. Kikasonga mbele, yakawa ya kijani tupu. Kikafika kwenye kitambaa chake na fundo la baba yake. Kikafika kwenye udongo.

Alirudi mwanzo, akafuata tena. Shina lilikuwa moja.

Fundi mwashi naye alikuwa amekuja kuangalia, mwiko mkononi.

"Hilo siyo shina lililobadilishwa," Bibi Bustani alisema. "Ni mmea huo huo mmoja. Jani hili lina kijani ndani siku zote. Zambarau ni kama mwavuli wake wa kujikinga na jua. Jua likiwa kali, jani linajifunika, unaona zambarau. Ukiliweka kivulini, mwavuli wa nini? Linauacha, unaona kijani. Tena linarefuka na kukonda kwa sababu linatafuta mwanga. Uani kwako mchana kutwa kuna kivuli cha shuka. Nani aliyapanda hapa?"

Dobi alikohoa.

"Sema, baba watoto," mkewe alisema. "Sauti haifiki huku."

"Niliyahamisha mimi."

"Ukutani yalikuwaje?" Bibi Bustani alimuuliza.

"Yalikuwa zambarau."

"Na haya meusi hapa chini, yaliyooza?" Bibi Bustani aliuliza. "Unamwaga maji hapa?"

"Ya kusuuzia."

"Yenye dawa ya kung'arisha?"

"Kidogo."

"Dawa inayotoa doa kwenye shuka unaipa mizizi inywe. Na mmea huu haupendi hata maji safi yakizidi. Maji yakituama, unaoza."

"Na vipele?" Dobi aliuliza. Hili alikuwa bado amelishikilia. "Mke wangu alishika asiwashwe. Mimi nikawashwa. Vipi hapo?"

"Ulivunja mashina kwa mikono mitupu?"

"Yalivunjika mengi."

"Ni utomvu. Unawasha baadhi ya watu, wengine hauwafanyi kitu. Hata mbwa akilalia majani hayo anaweza kujikuna. Mimi nawashwa pia, ndiyo maana nina glavu. Vaa glavu au funga mfuko wa plastiki mkononi. Ukimaliza, nawa kwa sabuni, na usijipanguse macho. Watoto wadogo wasiyatafune. Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyekupaka kitu."

Shuka zilipepea kwa upepo.

"Bosi," fundi mwashi alisema, "saruji inaganda. Nizibe au nisizibe? Ukitaka nibomoe kesho, mimi simo."

Dobi aliutazama mlango mdogo. Alitazama kiti kitupu kibarazani. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameacha kufua. Povu lilimkauka mikononi.

"Usizibe," Dobi alisema.

"Na hii saruji?"

"Ngoja kwanza. Nina pa kwenda."

Alipita kwenye mlango mdogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka. Yeye hakuwa na tabia ya kupita pale, wao ndio waliokuja kwake. Kibandani palikuwa na wanawake wawili wakisubiri kusukwa, na wa tatu alikuwa kichwa chini, nusu amesukwa. Mama mkwe alikuwa pembeni akichambua uzi wa nywele.

"Shemeji," Dobi alisema kwa sauti ndogo, "majani hayakuibwa."

Msusi hakuinua macho. "Sijasikia."

"Nasema majani hayakuibwa."

"Siku ile ulipaza sauti mpaka mtaa wa pili wakajua mimi ni mwizi. Leo unanong'ona. Sema kwa sauti ile ile."

Wanawake wote walimtazama. Aliyekuwa kichwa chini akainua jicho moja.

Dobi akavuta pumzi. "Shemeji yangu hakuiba kitu!" alisema kwa nguvu. "Wala hakunipaka kitu! Niliyapanda kivulini mwenyewe, nikayamwagia dawa mwenyewe! Nimekukosea. Nisamehe. Na mama pia, nisamehe. Mlango hauzibwi."

Mama mkwe alitikisa kichwa. "Kumbe sauti unayo," alisema.

Msusi alimalizia msuko mmoja kabla hajajibu. Alitaka Dobi asubiri.

"Nimekusikia," alisema mwishowe. "Nikimaliza kichwa hiki nitakuja. Na ukinikagua kikapu, nakuchapa kwa kitana."

Alasiri ile walifanya kazi pamoja. Bibi Bustani alibaki, ovaroli zikiwa bado kwenye kifurushi. Fundi mwashi alitumia matofali na saruji yake kujenga kingo fupi chini ya ukuta, kwenye jua. Bibi Bustani alimwambia aache matundu chini.

"Ya nini?" Dobi aliuliza. Kisha akajizuia. "Nauliza nijue tu."

"Uliza, kuuliza siyo kosa. Maji ya ziada yapate pa kutokea. Na kingo zitazuia maji yako ya sabuni yasiingie. Hayo ukayamwage kwenye mfereji."

Walijaza udongo uliochanganywa na mchanga na mboji kiasi.

"Nisiweke samadi nyingi, yakue upesi?" mke wa dobi aliuliza.

"Usiweke. Ukiyashibisha sana yanarefuka ovyo na rangi inapungua. Haya hayahitaji makubwa."

Shemeji alileta mashina mapya kutoka kwake. Lakini Bibi Bustani alitaka pia yale ya kijani yasitupwe.

"Yaliyooza tupa. Yaliyo mazima kata ncha, urefu wa kiganja. Kata kwa kisu kikali, chini kidogo ya pale jani linapotokea. Toa majani ya chini. Chomeka hadi viungo viwili viingie kwenye udongo, maana hapo ndipo mizizi inatoka. Shindilia kwa vidole. Mwagilia, kisha acha. Mwagilia tena udongo wa juu ukikauka. Tia kidole. Kikitoka na unyevu, subiri."

"Na haya ya kijani yatageuka?" Dobi aliuliza.

"Majani ya zamani huenda yasigeuke yote. Tazama yatakayochipua."

Dobi alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaifunga kwa uzi. Mama mkwe akamtazama.

"Mkwe wangu anaonekana kama kuku aliyefungwa sokoni," alisema. Mke wa dobi alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Majani machanga yalichipua. Dobi aliyaangalia kila asubuhi kabla ya kuloweka nguo. Kwenye mashina ya shemeji yalitoka zambarau. Kwenye yale yake ya kijani pia yalitoka zambarau, na usingeweza kusema lipi lilitoka wapi. Yalipoanza kurefuka, mkewe alikata ncha kama alivyoelekezwa. Kila mahali alipokata yalitoka matawi mapya, tuta lile la ukutani likajaa. Ncha alizokata alizichomeka penye uwazi. Mvua kubwa ziliponyesha, maji yalianguka juu ya majani, na shuka za kamba ya karibu na ukuta zilikauka bila tope. Dobi alizikagua pindo zote. Hazikuwa na doa.

Hata alama zake hakuzifunga tena kwenye mimea. Mke wake alimuuliza kwa nini.

"Kitambaa kinaisha bure," alijibu.

Wateja walipoomba, mkewe aliwakatia ncha, akawafungia kwenye gazeti. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye duka la viatu kona ya pili. Alichukua fungu zima. Baada ya muda alirudi, uso umekunjamana, akasimama mbele ya meza ya pasi.

"Dobi, mmenipa nini?" alisema. "Kwenu zambarau, kwangu kijani kitupu. Mna yenu mazuri mnayaficha, watu mnawapa makapi. Na mkono wangu unawasha! Mmetia nini?"

Mke wa dobi alishika mdomo. Alimtazama mumewe aone atajibu nini.

Dobi alizima pasi, akakunja shati lililokuwa mezani, akaliweka kando.

"Umeyapanda wapi?" aliuliza.

"Chini ya kibanda cha duka. Mbona?"

"Kuna jua hapo?"

"Jua la nini? Nimeweka kibanda ili kusiwe na jua."

"Twende nikaangalie."

"Uje kukagua nini kwangu?"

"Sikukagui wewe," Dobi alisema. "Nakagua kivuli."

Akachukua msumarini glavu alizonunua karibuni, akauendea mlango mdogo, akaufungua, akaita upande wa pili:

"Shemeji! Ukimaliza hicho kichwa, twende wote. Kuna mtu huku anatuita wezi."